Kadi ya Baba Mkwe

Engutoto, Arusha
22 Agosti 1995

Kwa Baba mkwe, Mzee Aminieli,

Shikamoo Baba. Huku kwetu tunaamka salama. Mjukuu wako Sakaya anakusalimu, na huyu mchanga analala mchana na kutukesheza usiku, kama mlinzi aliyekosea zamu. Mama yao, Aikaeli, amepata nguvu. Ndizi ulizotuletea tumekula, na mkungu mmoja tumempa jirani.

Baba, nakuandikia kukushukuru kwa kukubali kukaa nasi mezani Jumamosi. Najua kwa mtu wa rika lako kuombwa kucheza na vijana si jambo dogo. Tangu yule mgeni wa Denmaki niliyempeleka mbugani aniachie boksi lake la mchezo, sijaona meza yetu ikikaa na mtu wa heshima namna ile. Wengine hawauelewi mchezo wenyewe. Mchungaji aliniuliza kama ni kamari. Nikamweleza: kila mtu anapewa kadi ya mtu wa kubuni, mimi nasimulia safari yao, kila mmoja kwa zamu anasema mtu wake anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Hakuna anayeliwa hata senti. Mchungaji akasema, basi hiyo ni hadithi yenye dadu. Ndivyo ilivyo.

Na wewe Baba ulikuwa Mshili Mkuu, kiongozi wa ukoo mzima! Kadi yako niliiandika juma zima. Omary fundi redio ana mpiga upinde wa kawaida, na Sophia mshona nguo ana mganga wa majani. Wewe nilikupa kuita mvua, kusema na wanyama, kuficha watu kwenye ukungu, kuamuru moto, na mengine mengi, kila moja na masharti yake. Kwetu Oldonyo Sambu mkwe hapewi kipande cha pembeni. Ulipouita ule moto ukawateketeza majambazi wote, nilijisemea, hapo sasa!

Ila Jumapili uliondoka kabla hatujaamka. Aikaeli alikuta kitanda kimetandikwa. Natumaini hakuna baya.

Ubatizo ni tarehe 3 Desemba. Kwa desturi yenu, mtoto wa kwanza wa kiume amebeba jina la baba yangu, na huyu wa pili ni wako: Aminieli. Wewe ndiye utakayemshika mbele ya madhabahu. Kabla ya hapo njoo Jumamosi yoyote. Mshili anakungoja.

Mkweo mtiifu,
Bariki Sakaya

*

Akheri
4 Septemba 1995

Mkwe wangu Bariki,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Nathanaeli wa duka la dawa za mifugo. Hatujambo, ila mguu unanisumbua.

Kahawa imeanza kuiva. Mwaka huu wamekuja wanunuzi binafsi na gari lao na mizani yao, wanapima hapo hapo barabarani. Chamani, kwenye ushirika wetu wa kahawa, kumekuwa kimya. Nilikwenda kuangalia, wakanitolea kiti, wakasema, mzee wetu, pumzika. Nikapumzika.

Kwa hiyo Jumamosi sitaweza. Safari ya mjini ni ndefu kwa mguu huu.

Kuhusu jina, msiwe na haraka. Mtoto hana pa kwenda.

Msalimu Aika binti yangu. Mwambie avae sweta.

Aminieli

*

Engutoto
12 Septemba 1995

Baba mkwe,

Shikamoo. Pole na mguu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wangu wa kazi. "Msiwe na haraka." Maneno hayo nayarudia hata nikiwa njiani na wageni.

Baba, nimejichunguza. Je, ni nyama? Siku ile Aikaeli alikuwa bado mzazi, nikapakua mimi, na huenda nilikuwekea shingo mahali pa ubavu. Kama ni hivyo, ni ujinga wa mwanamume jikoni, si dharau. Je, ni Omary? Nilimsikia akitoa sauti fulani ulipokuwa ukiisoma kadi yako. Nitamkanya. Kijana yule wa mjini amelelewa vizuri, wazazi wake ni watu wa msikitini, lakini mdomo wake umekaa karibu mno na pua.

Au ni kadi yenyewe? Hapo Baba nimeona haya. Nilipoitazama upya nimegundua kwamba nilikuita Mshili Mkuu, na bado mganga wa Sophia alikupita mahali pawili patatu. Mkwe apitwe na majani! Nimerekebisha. Sasa unaweza pia kusimamisha mto, kuona yaliyotokea jana, kuwaamuru nyuki, na kugeuka kivuli mradi si saa ya mchana wala mwezi haujaandama. Kila uwezo nimeuandikia nguvu unazotumia na jinsi ya kuzirudisha. Kadi imejaa mbele na nyuma, nimebandika karatasi nyingine kwa gundi.

Naambatanisha nakala uisome taratibu ukiwa nyumbani. Aikaeli anasema nikuache upumzike. Yeye ni mtoto wako, anaweza kusema lolote. Mimi ni mkwe.

Bariki

*

Akheri
25 Septemba 1995

Mkwe wangu,

Kadi nimeipokea. Mwandiko wako ni mzuri.

Ng'ombe anakaribia kuzaa na hana mtu wa kumwangalia. Mguu bado. Kampeni nazo zimejaa, hata kahawa haipimwi kwa amani, kila siku kuna mtu juu ya gari na kipaza sauti. Na Desemba mwanzoni naona kutakuwa na kikao cha ukoo.

Kuhusu mtoto, nimefikiri. Maandiko yana majina mengi. Ephraimu ni jina zuri, mpeni hilo.

Nakushukuru kwa heshima unayonipa. Imetosha.

Aminieli

*

Engutoto
30 Septemba 1995

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni Omary fundi redio, yule mrefu niliyekaa dirishani. Kaka Bariki amenijia kibandani na uso wa msiba, akaniambia nikuandikie kuomba radhi. Nikamuuliza, kwa kosa gani? Akasema, wewe omba tu. Basi mzee wangu naomba radhi.

Lakini kusema kweli sikukucheka, wallahi. Nilikuwa nakohoa, dada Aikaeli anatia pilipili kama anamfukuza mtu. Hakuna aliyekucheka siku ile, wote tulikustahi. Hata kwa ile dadu yako tulinyamaza, si unajua, mkubwa ni mkubwa. Usiwe na wasiwasi na sisi.

Mzee wangu, Kaka Bariki hana raha. Juzi alituchezesha akasahau nani yuko upande gani, tukapigana wenyewe kwa wenyewe. Njoo utuokoe. Na redio yako ikiharibika niletee, sitakutoza.

Ni mimi mwanao,
Omary

*

Akheri
9 Oktoba 1995

Aika mwanangu,

Soma barua hii peke yako. Mumeo asiione.

Nimesema mguu, nimesema ng'ombe, nimesema kikao. Mguu ni mzima. Ng'ombe alikwisha kuzaa, na ndama ananyonya. Kikao hakipo. Mama yako angekuwa hai angenitazama tu, nami ningesema kweli siku ile ile.

Mwanangu, ninaona aibu. Nimekaa na neno hili tangu Agosti na halipungui.

Ile kadi sikuiweza. Zamu yangu ilipofika nilisoma mstari wa kwanza, na nilipofika wa nne wa kwanza umeshanitoka. Uwezo huu mara moja kwa siku. Ule mpaka jua lizame. Mwingine ukiutumia unapunguza nguvu, na kiasi chake kiko upande wa pili wa kadi. Yule Omary, zamu yake ikifika anasema "napiga mshale", anarusha dadu, amemaliza, anarudi kusikiliza. Na hadithi ilikuwa tamu, Aika. Kulikuwa na korongo, na mvua, na majambazi kwenye migomba, nami nilitaka kujua kitakachotokea. Sikuisikia. Muda wote nilikuwa nasoma, na chumba kizima kikinisubiri kama gari lililokwama njiani. Wewe ukainama ukaninong'oneza, "Baba, sema moto." Nikasema moto.

Nikarusha dadu. Macho yangu hayaoni maandishi madogo, lakini nukta za dadu nilikuwa naziona. Zilikuwa mbili. Mumeo alikwisha kutuambia kwamba chini ya nne umeshindwa. Akaziangalia, akasema, "Mshili amefaulu!" Na kila mtu akatazama sakafu.

Unaijua kazi yangu. Miaka yote niliyopima kahawa chamani, watu walisimama nyuma yangu wakiutazama mshale wa mizani. Kuna waliopungukiwa mbele ya wake zao. Kuna waliokuwa ndugu zangu. Nilisoma kilichosomeka, nao waliondoka wamekasirika lakini walirudi msimu mwingine. Siku ile mtu alinisomea mizani kwa huruma, ndani ya nyumba ya binti yangu, na mimi nilikubali. Nilitabasamu, Aika. Nilipokea ule ushindi na kusema ahsante.

Nilijipa moyo kwamba labda ni mimi peke yangu niliyeziona nukta. Sasa Omary ameniandikia, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba wote waliona na wakanyamaza. Wangenicheka ningepona kesho yake.

Haya, huyo mtoto abebe jina la nani? Mwiteni Ephraimu. Desemba sitakuja. Nitasema ninaumwa, na wewe uniunge mkono.

Baba yako

*

Engutoto
15 Oktoba 1995

Baba,

Shikamoo. Umeniambia nisimwonyeshe Bariki. Nimemwonyesha. Ukitaka kunichapa, fimbo hazijaisha Akheri.

Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akatoka akaenda kukaa ndani ya gari la kazini, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, mpaka uji wake ukaganda. Sikumfuata. Nilikuwa na yangu.

Baba, nilipokunong'oneza sikuwa nakusaidia. Nilikuwa naona haya. Nilimwona Sophia akiangalia saa, nikataka zamu yako iishe. Na mume wangu aliposema umefaulu, nilimshukuru moyoni. Nimeolewa na mwongo mwenye adabu, nikafurahi. Sasa kila nikinyonyesha namtazama huyu mtoto, na jambo hilo linarudi, na sina pa kuliweka.

Lakini kosa ni letu mimi na Bariki. Mtoto amekosa nini? Tumekukosea sisi, unamnyang'anya jina yeye. Uongo wa ugonjwa siuungi mkono. Usipokuja, nitamwambia mchungaji wazi kwamba babu yake hakutaka.

Na jambo moja ulijue. Mimi mwenyewe kadi kama ile siiwezi. Bariki aliwahi kunipa mchawi wa milimani mwenye mambo mengi kuliko mfuko wa mkunga, nikasinzia mezani. Nikampigia kelele. Siku hizi nina mwanamke anayekimbia kuliko wote, basi. Nikifukuzwa nakimbia, na kama kuna habari ya kupeleka napeleka mimi. Natoka jikoni, nacheza zamu yangu, narudi kugeuza chapati, na hadithi sijaipoteza. Juzi nimewaokoa wote kwa miguu tu. Mtu anayekaa mezani siku moja moja hahitaji zaidi ya hapo. Anahitaji kitu kimoja anachokijua bila kukisoma.

Mimi nilipewa kwa sababu nilipiga kelele. Wewe hakuna aliyekuuliza, kwa sababu wewe ni mkwe. Sasa nakuuliza mimi: ungependa kuwa mtu gani?

Sweta nimevaa.

Aika

*

Engutoto
21 Oktoba 1995

Baba,

Sijui nianze na salamu au na kosa. Shikamoo.

Ni kweli zilikuwa mbili.

Nilikuwa na nafasi ndogo sana kabla ya kusema. Nilitazama dadu, nikatazama uso wa Aikaeli, nikasikia mdomo wangu ukitangaza umefaulu. Nikajiambia nimekusitiri. Sikukusitiri wewe, Baba. Nilijisitiri mimi, kwa maana kadi ile mbovu niliiandika mimi. Ungeshindwa mbele ya watu, wangeuliza nani aliyempa mzee mzigo wote huu.

Omary huja kila Jumamosi. Kama kuna mtu angeweza kubeba mambo mengi, ni yeye. Badala yake nimemwachia upinde mmoja, na gunia zima nikamtwisha mgeni. Nyumbani kwetu mgeni akifika, watoto wanakimbia kumpokea mzigo. Sijui nilijifunza wapi kumtwisha. Na uliposema imetosha, nilikuwa tayari kukuongezea karatasi nyingine.

Sikutumii kadi mpya. Nikikuandikia ndogo naogopa utaona nimekushusha, na jambo hilo naliogopa kuliko nyati, nami nyati nakutana nao kila wiki. Sikuombi uje. Sikuombi jina. Nimeona tu nisiache barua yako kwa Aikaeli ikae bila jibu langu, ingawa haikuwa yangu.

Naona aibu, Baba.

Bariki

*

Akheri
2 Novemba 1995

Mkwe wangu Bariki,

Marahaba.

Nilimkasirikia Aika kwa kukuonyesha barua, siku mbili hivi. Kisha nikachoka. Hasira ni kazi, na huku ni msimu wa kahawa.

Aliniuliza ningependa kuwa mtu gani. Swali lenyewe niliona la kitoto, nikaliacha. Lakini lilinifuata shambani, na nikiwa juu ya ngazi nachuma nikajikuta nalijibu. Basi naandika.

Nataka mtu wa kawaida. Si mshili wala mchawi. Uwezo wake ni mmoja: akishika kitu, hakiachii kirahisi. Kama ni kamba, ameshika. Kama ni mwizi, ameshika. Kama ni mlango, hauendi popote. Mtu huyu namjua tayari, sihitaji kumsoma. Zamu yangu ikifika nitaangalia kuna nini cha kushika. Muda mwingine wote nitasikiliza ulichobuni, kwa sababu nakudai hadithi ya lile korongo. Mpaka leo sijui wale majambazi walitafuta nini kwenye migomba.

Hujanishusha. Ngazi ndefu si heshima kwa mtu asiyetaka kupanda.

Sharti langu ni kwamba dadu yangu aisome Omary, kwa sauti, na utakachokisema wewe kifuate alichosoma yeye.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 18. Usidhani nimekubali Desemba. Nakuja nione.

Aminieli

*

Engutoto
20 Novemba 1995

Baba mkwe,

Shikamoo. Umeondoka tena kabla hatujaamka, na kitanda kimetandikwa tena. Aikaeli ananinunia.

Ninairudia ile jioni kichwani. Mtu wako alishika kamba vizuri mwanzoni. Alimshika yule mwizi wa punda, tukashangilia wote, na wewe ulicheka mpaka ukavua kofia. Zamu zako zilikuwa fupi kuliko za Omary! Kisha tukafika korongoni, Omary na Sophia wananing'inia chini, mto umefurika, na kamba iko mikononi mwako. Ukarusha. Omary akainama akasoma kwa sauti: "Moja."

Baba, nilitamani taa izimike. Ulikuwa unanitazama. Nikasema, kamba imemponyoka, wote wawili wamekwenda na maji.

Nilijua itauma. Sikujua kwamba Omary atapanda juu ya kiti na kupiga kelele, "Mzee, umetuua! Mzee, kamba unaishikaje kama unashika chai?" Nilitaka ardhi inimeze. Kijana wa kibanda cha redio anamfokea mkwe wangu ndani ya nyumba yangu. Nikamwangalia, hakuniona. Sophia naye akadakia, eti ulipaswa kuuliza kwanza kama kuna mti karibu. Na wewe ulikaa kimya. Ukanywa maji, ukaaga, ukaenda kulala.

Nimefanya ulichosema, na sasa naona aibu kwa kukutii kuliko nilivyoona kwa kukudanganya. Mchungaji anataka jina la mtoto wiki hii. Niambie tu kama nimpelekee Ephraimu, nitapeleka, wala sitauliza tena.

Bariki

*

Akheri
24 Novemba 1995

Mkwe wangu,

Marahaba.

Niliondoka mapema kwa sababu ng'ombe ananyonyesha na hakuna wa kumkamua asubuhi. Nilimwambia Sakaya awape habari. Alikuwa macho, anakula sukari kwa kijiko. Naona hakuwaambia, na sukari pia hakuwaambia.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimejaa. Tangu nitoke chamani hakuna mtu aliyenifokea. Wananitolea kiti. Nikisema jambo la kijinga kwenye kikao wanaitikia, "Ndiyo mzee," kisha wanafanya lao. Nilikuwa nadhani huo ndio uzee, na kwamba unavumiliwa. Omary alipopanda kiti, niligeuka nyuma kuona anamfokea nani. Nilipojua ni mimi, nikaomba maji. Niliwaua kweli, na ilikuwa haki. Kitandani nikawa nawaza ile kamba. Sophia amesema kweli, ningeizungusha kwenye mti kwanza. Mwambie Omary jibu lake ninalo, lilinijia njiani nikirudi, nimeshafika Tengeru.

Ila nina aibu nyingine, na hii si ile ya kadi. Wewe ulinidanganya mara moja, kwa haraka, kwa kunistahi. Mimi nimewadanganya mwezi mzima na zaidi, kwa kalamu, nimekaa kwenye kiti changu nafikiria uongo wa kufuatia. Nilikuwa tayari mtoto akose jina lake, na binti yangu aseme uongo mbele ya mchungaji, ili mimi nisitamke maneno machache tu: kadi hii siielewi. Ningeyatamka pale pale mezani, mngenipa nyingine, tungeendelea na safari. Mzee mzima nilishindwa. Hilo sikuombi uniondolee. Niachie.

Mpelekee mchungaji jina Aminieli. Nitafika Jumamosi tarehe mbili, na Jumapili nitamshika mwenyewe. Na akishakua, akirusha dadu ikaanguka vibaya, asitokee mtu akamwambia amefaulu kwa sababu ya jina la babu yake. Mwambieni ameshindwa. Halafu mpeni zamu nyingine.

Baba yenu,
Aminieli